Jinsi ya kulinda ari ya mafundi wa nyuma ya jukwaa: mwongozo kamili kwa viongozi wa vikundi vya maigizo

Swali linalorudi kila msimu wa maonyesho ni hili: kwa nini fundi taa mzuri, aliyefanya igizo la kwanza kwa moyo wote, hapokei simu igizo la pili linapoanza? Viongozi wengi hujaribu dawa zilezile. Wanashona fulana, wanafanya karamu ya kufunga msimu, wanatoa hotuba ndefu siku ya ufunguzi. Mwezi unaofuata mtunza maleba (mavazi ya jukwaani) naye anaaga.

Fulana na karamu si vibaya, ila hufika vikiwa vimechelewa. Ari ya watu wa nyuma ya jukwaa hujengwa na mambo yaliyopangwa wiki kadhaa kabla ya onyesho: nani anafanya nini, anafika saa ngapi, anakula nini, anarudije nyumbani, na nani atamwambia kwamba kazi yake imeonekana.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho: igizo la dakika 90, waigizaji 10, mafundi 7, ukumbi wa shule au wa jamii, na bajeti ya kubana. Ndiyo hali ya vikundi vingi, iwe Mwanza au Mombasa.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari moja gumu la ripoti za maonyesho. Si karatasi zilizotawanyika, ni daftari.
- Nakala ya mswada kwa kila fundi, siyo kwa waigizaji tu.
- Penseli na vifutio. Kalamu ya wino haifai kwenye mswada wa fundi, maana mambo hubadilika kila siku.
- Tochi ndogo kwa kila mtu, pamoja na karatasi ya nailoni ya bluu ya kufunika mwanga.
- Tepu nyeupe ya kuwekea alama sakafuni na kuandikia majina ya vifaa.
- Jozi 3 za glovu za ngozi na sanduku la huduma ya kwanza.
- Chupa kubwa ya chai, ndoo safi ya maji yenye mfuniko, na vikombe.
- Fungu la nauli la mafundi, limetengwa peke yake. Likichanganywa na pesa ya matangazo, litaliwa na mabango.
- Kundi la WhatsApp la mafundi na msimamizi wa jukwaa peke yao.

Kama fungu la nauli halipo, usiendelee na hatua ya 1. Tafuta hilo kwanza.

## Hatua ya 1: Kila kazi iwe na mwenyewe

Kabla ya kumpigia mtu yeyote simu, soma mswada na uandike kila kitu kitakachotokea jukwaani ambacho si maneno ya mwigizaji. Taa inawaka, mlango unagongwa, redio inaimba, kanga inabadilishwa, meza inaondolewa. Tuseme igizo letu limekupa ishara 60 za namna hiyo.

Sasa zigawe kwa watu 7: msimamizi wa jukwaa, fundi taa, fundi sauti, mtunza maleba, mpambaji wa nyuso za waigizaji, mtunza vifaa, na mjenga mandhari ambaye wakati wa onyesho ndiye atakayehamisha samani.

Kazi ya watu wote haina mwenyewe. Kikombe cha igizo kikipotea, watu watatu wanalaumiana, na kikiwa mahali pake kila usiku, hakuna wa kupongezwa. Mtu hawezi kuifurahia kazi ambayo hajui inaanzia wapi na inaishia wapi.

Jihadhari na neno "utasaidiasaidia". Anayeambiwa hivyo hutumwa na kila mtu, hulaumiwa na kila mtu, na ndiye wa kwanza kuondoka. Kama una kijana mgeni ambaye hajui lolote, mpe kitu kidogo kilicho kamili: meza ya vifaa ya upande wa kushoto, kuanzia kuipanga hadi kuifunga.

Utajua hatua hii imekaa sawa pale utakapomuuliza fundi yeyote, "Kazi yako ni ipi?" naye akajibu kwa sentensi moja bila kumtazama mwenzake.

## Hatua ya 2: Maliza habari ya pesa, chakula na nauli

Onyesho likiisha, mwigizaji anapigwa picha na ndugu zake na kupewa lifti. Fundi sauti anabaki anakunja nyaya hadi saa 5 usiku. Akitoka nje daladala zimepungua na bodaboda anataka bei ya usiku. Usiku wa namna hiyo ukijirudia mara tatu, posho yake yote imeishia barabarani, na wala hatakwambia. Atasema tu ana udhuru.

Andika makubaliano ya ukurasa mmoja na kila fundi. Kama kuna posho, taja kiasi na siku ya kulipwa. Kama ni asilimia ya mauzo ya tiketi, taja nani atahesabu na nani atashuhudia hesabu. Kama hakuna malipo kabisa, liandike hilo wazi: kazi ni ya kujitolea, nauli na chakula vipo. Watu wengi wanaweza kufanya kazi ya sanaa bila malipo kwa muda fulani. Kisichovumilika ni kutojua.

Usiahidi kitu kwa "tukipata mfadhili". Ahadi ya namna hiyo hugeuka deni kichwani mwa aliyeahidiwa, hata kama mfadhili hakuja.

Chakula nacho kiwe na utaratibu. Mwenye njaa hana miiko, na mazoezi ya saa 4 bila chakula huzaa maneno ambayo watu hawakukusudia kuyasema. Zoezi lolote linalozidi saa 3 liwe na mlo wa kushiba: wali maharage, ugali na mboga, au chapati na chai nzito. Waigizaji na mafundi wapange foleni moja, wale sahani moja. Nimeona vikundi ambavyo waigizaji hupewa soda na mafundi maji, na baadaye kiongozi anashangaa kwa nini kuna kambi mbili.

Mwezi wa Ramadhani, zoezi lisimame kwa adhana ya magharibi, na tende na maji viwepo kabla ya adhana, si baada ya mtu kutumwa dukani. Kazi za kupanda ngazi kwa wanaofunga zisogezwe baada ya futari. Saa 11 jioni mtu aliyefunga amechoka, na ngazi haisamehi.

## Hatua ya 3: Mwite fundi siku ya kwanza, umwombe wazo

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo inayobeba zaidi ya nusu ya ari yote ya kikundi.

Desturi ya vikundi vingi ni kuwaita mafundi wiki ya mwisho. Wanakuta kila kitu kimeshaamuliwa, wanapewa orodha: washa hapa, zima pale. Mtu wa namna hiyo ni kidole cha kubonyeza swichi. Anaweza kuifanya kazi vizuri, lakini hana sababu ya kuipenda.

Mwaka 1976 watafiti wawili wa Marekani, J. Richard Hackman na Greg Oldham, walichapisha maelezo ya mambo matano yanayofanya kazi yenyewe impe mtu hamu: kutumia ujuzi wa aina mbalimbali, kuiona kazi tangu mwanzo hadi mwisho, kujua kwamba ina uzito kwa watu wengine, kuwa na uhuru wa kuamua, na kupata mrejesho wa jinsi ulivyofanya. Ukiyatazama hayo matano, utaona kwamba fundi anayeitwa wiki ya mwisho ameshapokonywa karibu yote kabla hajagusa waya. Yule aliyeketi kwenye usomaji wa kwanza anaweza kuyapata yote kwenye igizo moja.

Fanya hivi:

1. Siku ya usomaji wa kwanza, mafundi wakae kwenye duara lilelile na waigizaji. Wasipangwe nyuma.
2. Baada ya kusoma, mpe kila fundi siku 3 za kupitia mswada kwa penseli na kuandika mawazo.
3. Kutana naye kwa nusu saa, wewe na yeye tu. Muulize maswali ya kazi yake. Kwa fundi taa: "Usiku huu wa kijijini unauona una mbalamwezi au giza la mvua?" Kwa mtunza maleba: "Mama huyu aliolewa mjini. Kanga yake ya nyumbani ni mpya au imepauka?" Kwa fundi sauti: "Mlango wa nyumba hii unalia vipi?"
4. Chukua walau wazo moja kutoka kwa kila mmoja, na uliweke kwenye igizo.
5. Kwenye zoezi linalofuata, litaje mbele ya watu wote: "Hili la mlango unaolia ni wazo la kaka wa sauti."

Wazo usiloweza kulitumia, lijibu kwa sababu ya kisanaa au ya bajeti. "Hatuna taa ya namna hiyo, ila tufikirie jinsi ya kuikaribia" ni jibu linalomfundisha mtu kitu. Kunyamaza humfundisha kwamba swali lako lilikuwa la adabu tu.

Na usiombe mawazo kama umeshaamua kila kitu. Watu huligundua hilo haraka sana, na wakiligundua ni afadhali usingeuliza.

Matokeo mazuri yana dalili moja ya wazi: fundi anaanza kuja na vitu ambavyo hukumtuma. Analeta taa ya chemli ya bibi yake, amerekodi sauti ya kinu kwa simu, amepita mitumbani na kupata koti la miaka ya zamani. Hapo igizo limeshakuwa lake.

## Hatua ya 4: Ratiba inayoheshimu muda wa mtu

Kosa kubwa ni kuwaita watu wote kwa wakati mmoja. Mpambaji hana la kufanya mchana wakati wa kujenga mandhari. Akikaa saa 4 bila kazi atachoka kuliko aliyebeba mbao.

Toa ratiba ya wiki nzima kila Jumapili jioni, yenye mistari tofauti kwa kila fundi: saa ya kufika, kazi ya siku hiyo, saa ya kuondoka. Saa ya kuondoka ni muhimu kuliko ya kufika. Iandike, kisha itimize hata kama zoezi halikukamilika. Andika "saa 10 jioni" kwa maneno, maana kwenye simu mtu mmoja akiandika 10:00 wenzake wawili watafika asubuhi.

Acha nafasi ya misiba, harusi na wagonjwa. Hayo ni maisha ya watu, si utoro. Kila fundi awe na mwenzake anayeujua mswada wake wa ishara vya kutosha kushika usukani usiku mmoja. Tenga zoezi moja la kubadilishana nafasi kwa ajili hiyo tu. Faida yake ya pili ni kwamba fundi taa aliyewahi kukimbizana na maleba kwa usiku mmoja hatamdharau tena mtunza maleba.

## Hatua ya 5: Usalama kabla ya uzuri

Mtu anayeogopa kupigwa na umeme hawezi kufurahia chochote. Hapa nitakuwa mfupi, lakini usiruke hata mstari.

- Plagi ya kawaida ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 230 hubeba wati zisizofika 3,000. Taa 2 za wati 1,000 kwenye soketi moja zinatosha. Usiongeze ya tatu.
- Waya wa ekstensheni uliozungushwa kwenye gurudumu uvutwe wote kabla ya kuwasha taa kubwa. Ukiachwa umejikunja, hupata joto na unaweza kuyeyuka.
- Balbu ya halojeni isishikwe kwa vidole vitupu hata ikiwa baridi, kwani mafuta ya ngozi huifupishia maisha. Ikiwa ya moto, glovu.
- Ngazi ya kuegemeza: kila mita 4 za urefu, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani, na mtu mmoja aishike chini muda wote.
- Njia za gizani nyuma ya pazia ziwekewe tepu nyeupe sakafuni, na zisiwekwe hata kiti kimoja.
- Angalia Luku (umeme wa kulipia kabla) au bili ya ukumbi mchana, siyo jioni watazamaji wakiwa getini. Jenereta iwashwe ijaribiwe siku hiyohiyo.

Fundi yeyote awe na ruhusa ya kusimamisha zoezi kwa sababu ya hatari, hata kama ndiye mdogo kuliko wote. Atakapofanya hivyo mara ya kwanza, mshukuru mbele ya wote, hata kama hatari ilikuwa ndogo. Ukimfokea, hakuna mwingine atakayesema.

## Hatua ya 6: Zoezi la mitambo, siku inayovunja vikundi

Zoezi la mitambo ndilo la kwanza kuunganisha taa, sauti, maleba na waigizaji. Ni la polepole, linasimama kila dakika, na kila kosa la fundi linaonekana na watu wote. Waigizaji wanachoka kusubiri, mwongozaji anaingiwa na hofu ya onyesho, na fundi aliye gizani ndiye anayepokea hasira zote. Vikundi vingi vinavyovunjika huvunjika siku hii, ingawa watu huondoka baadaye.

Hesabu muda kwa uaminifu. Ishara 60, kila moja dakika 3, ni saa 3 kamili. Ongeza mabadiliko ya maleba, mlo na mapumziko mawili ya dakika 15. Tenga saa 5. Ukitenga 2, saa ya tatu itakuwa ya ugomvi.

Ruka maneno. Waigizaji waanze mistari michache kabla ya ishara, ishara ipigwe, ikikaa vizuri mruke hadi nyingine. Wajulishe waigizaji jana yake kwamba leo si siku yao ya kuigiza, ni siku ya mafundi. Sentensi hiyo ikitoka kinywani mwa mwongozaji inabadilisha hewa ya ukumbi mzima.

Sauti moja. Anayetoa amri ni msimamizi wa jukwaa peke yake. Mwongozaji akiona kosa, anamnong'oneza msimamizi, hapazi sauti ukumbini. Amri iwe na umbo moja kila mara: "Taa 14, kaa tayari." Fundi anajibu, "Taa tayari." Kisha: "Taa 14, piga." Nashauri neno "piga" badala ya "sasa", kwa sababu "sasa" hututoka midomoni kila wakati, na taa itazimika katikati ya mazungumzo. Neno mtakalochagua lisitumike kwa jambo lingine lolote hadi onyesho liishe.

Kama hamna redio za mkononi, tochi inatosha: msimamizi akiwasha, ni kaa tayari, akizima, ni piga.

Kosa lirudiwe, lisihubiriwe. Ishara ikikosewa, msimamizi anasema "tunarudia kutoka hapa" na mnarudia. Ikikosewa mara tatu, tatizo mara nyingi si fundi. Ni ishara mbili zilizokaribiana mno, au fundi hamwoni mwigizaji kutoka alipokaa. Nenda ukae kwenye kiti chake utazame mwenyewe.

Ukali uwe faragha. Fundi aliyekunywa, aliyechelewa mara ya pili, au aliyeacha ngazi bila mshikaji anastahili kuambiwa ukweli. Aambiwe pembeni, na anayemwambia awe mtu mmoja. Aibu mbele ya waigizaji 10 haisahauliki hata ukija kuomba radhi.

Maliza saa uliyoiandika. Watu watawanyike wakiwa na kiu ya kurudi kesho.

Dalili ya kufaulu: kuelekea mwisho wa zoezi, mafundi wanaanza kusahihishana wenyewe kwa upole, na ukumbi umetulia.

## Hatua ya 7: Usiku wa onyesho

Mcheza kwao hutunzwa, lakini fundi hachezi, na hadhira haimwoni. Kwa hiyo anayemtunza ni kikundi chenyewe, na kinahitaji njia za kudumu za kufanya hivyo.

Majina ya mafundi yaandikwe kwenye karatasi ya igizo kwa herufi zilezile za waigizaji, na yakaguliwe tahajia na wenyewe kabla ya kuchapwa. Duara la dua au la kushikana mikono kabla ya pazia liwangoje mafundi. Mkianza bila wao mmeshawaambia nafasi yao. Na wakati wa kuinama mwishoni, waigizaji wageuke wote na kunyoosha mikono kuelekea ilipo meza ya taa na sauti. Inachukua sekunde 5. Lifanyieni mazoezi, kwa sababu usiku wa furaha watu husahau.

Watu wote wawe ndani ya jengo mapema. Kwenye majumba ya Uingereza mwito wa nusu saa hutolewa dakika 35 kabla ya pazia, na baada ya hapo haruhusiwi mtu kutoka. Ni kanuni nzuri hata kwa ukumbi wa shule. Inaondoa ile mihangaiko ya kutafutana kwa simu ambayo humchosha msimamizi kabla hata igizo halijaanza.

Onyesho likiisha, msimamizi aandike ripoti kwenye daftari usiku huohuo. Mfano:

*Onyesho la 3. Limeanza saa 1:08 usiku. Sehemu ya kwanza dakika 47, ya pili dakika 41. Taa 22 ilichelewa, balbu ya kushoto imeungua, inunuliwe kesho kabla ya saa 6 mchana. Vazi la bibi harusi limebadilishwa kwa sekunde 40, jana zilikuwa 65. Hadhira imecheka kwa mara ya kwanza kwenye mlio wa mlango wa nyuma: fundi sauti aliusogeza mlio nusu sekunde mbele.*

Tazama kilichomo humo. Kuna makosa, na kila kosa lina dawa na saa yake. Kuna mafanikio yaliyotajwa kwa kipimo. "Hongera sana timu nzima" haimwambii mtunza maleba chochote. "Sekunde 40, jana 65" inamwambia kwamba kuna mtu aliyekuwa anatazama. Piga picha ya ukurasa huo uitume kwenye kundi kabla watu hawajalala.

## Kama wewe ndiye fundi

Si kila kiongozi atasoma haya, na inawezekana uko kwenye kikundi ambacho hakuna anayekuandikia ripoti. Furaha ya kazi bado unaweza kuitafuta mwenyewe.

Chagua kipimo kimoja chako kila igizo. Fundi taa anaweza kutafuta machweo yanayofifia kwa sekunde 30 bila mtazamaji kugundua yalianza lini. Mtunza vifaa anaweza kutaka meza iliyopangwa hivi kwamba mtu anachukua chochote gizani bila tochi. Anayefagia jukwaa anaweza kulifagia kwa mistari, huku akitafuta misumari na vigae, akijua kwamba kuna mwigizaji atakayepita hapo miguu mitupu.

Angalau usiku mmoja, omba ruhusa ukae kwenye viti vya watazamaji kwenye zoezi la mwisho, mwenzako akishika nafasi yako. Fundi wengi hawajawahi kuliona igizo walilolifanyia kazi. Ukishaliona, kila swichi inapata maana yake.

Na ukimwona mwenzako amefanya vizuri, mwambie wewe. Usisubiri mwongozaji.

## Hatua ya 8: Mkiwa ziarani

Ziara ya shule au ya mikoani ina uchovu wa aina yake. Kenya vikundi vinavyozungusha maigizo ya vitabu teule (vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa shuleni) vinaweza kucheza shule moja asubuhi na nyingine alasiri: kushusha, kujenga jukwaa, kucheza, kubomoa, kupakia, barabara, tena. Waigizaji hulala garini. Mafundi ndio wanaopakia gari.

Weka sheria kwamba kila mwigizaji anabeba kitu kimoja kila mnaposhusha na kila mnapopakia. Hakuna nyota hapo. Badilishaneni kazi zisizohitaji ustadi, kama kulinda gari au kupiga deki. Dereva alale usiku mzima, hata kama maana yake ni kukataa onyesho la jioni. Na siku moja katika wiki isiwe na safari wala onyesho.

Jifunze dalili za mtu aliyechoka roho. Anayechelewa ni dhahiri. Mgumu kumwona ni yule aliyekuwa mwongeaji na sasa anajibu "sawa" kwa kila kitu, au aliyekuwa akikunja nyaya vizuri na sasa anazitupa sandukuni. Usimwite kikaoni. Mwombe muende naye kununua kitu, na njiani umuulize mambo mawili: ni jambo gani katika siku zetu linakuchosha zaidi, na lipi tukiliondoa kesho utapumua? Kisha liondoe kesho, hata kama ni dogo.

## Hatua ya 9: Kubomoa, kulipa, kuketi

Usiku wa mwisho, watu wote wabomoe jukwaa, mwongozaji akiwemo. Mjenga mandhari ndiye anayeongoza. Vifaa vya kuazima vitengwe upande wake na karatasi yenye jina la mwenye navyo, kwa sababu kikundi kisichorudisha viti hakiazimwi tena, na aibu hiyo humwangukia mtunza vifaa aliyekwenda kuviomba.

Lipa siku uliyoandika kwenye makubaliano. Ikiwa mapato yamepungua, itisha watu wote kabla ya siku hiyo, fungua daftari la tiketi mbele yao, onyesha kilichoingia na kilichotoka, mgawane pungufu kwa uwiano uleule, waigizaji na mafundi sawasawa. Kupungukiwa pamoja hakuvunji kikundi. Kusikia baadaye kwamba wengine walilipwa kamili kunavunja.

Ndani ya wiki mbili, wakati kumbukumbu bado ni mbichi, keti na mafundi peke yao mkiwa na daftari la ripoti. Pitieni kurasa zote. Kila mmoja ataje jambo moja analotaka lifanyike vilevile igizo lijalo, na moja analotaka libadilike. Wewe andika, usijitetee. Kabla hamjanyanyuka, waambie tarehe ya usomaji unaofuata na uwaulize ni nani anataka kujifunza kazi ambayo hakuifanya safari hii. Mpambaji akisema anataka kujaribu taa, mwandike kwenye ukurasa mpya wa daftari, pamoja na jina la atakayemfundisha.